Yowe la Jumatatu ya Pasaka

Jamani, leo nimeumbuliwa, na aliyeniumbua ni mimi mwenyewe.

Nimekaa hapa nyumba ya walimu, miguu iko kwenye karai la maji ya moto na chumvi, nawaandikia ninyi niliosoma nanyi chuoni kabla habari haijawafikia kwa njia nyingine. Maana itawafikia. Kesho dereva wa lori la pamba anakwenda Musoma, na yule bwana habari ya kuku kutaga huifanya ya mbuni. Bora mnisikie mimi.

Nianze na chanzo, maana bila chanzo mtadhani nimerukwa na akili.

Mnajua kwamba namtaka Nyangi. Kwa wasiomjua, Nyangi anafundisha elimu ya watu wazima hapa Bunda. Wazee wenye mvi wanamwogopa, wanafanya masomo ya nyumbani. Mimi pia namwogopa, ila kwangu uoga umechanganyika na mapenzi. Baba yake, Mzee Wambura, boma lake liko chini kabisa ya mlima Balili, na ng'ombe wake anawajua kwa majina na tabia. Mwezi uliopita nilikwenda kujitambulisha. Nilivaa suruali yangu mpya ya bugaluu na viatu vya raizoni vyenye soli ndefu. (Ndiyo, kwa mfugaji. Endeleeni tu.)

"Mwalimu, kwenu ni wapi?"

"Makoko, Mzee. Musoma."

"Ziwani." Alilitamka kama mtu anayetaja ugonjwa. "Watu wa ziwa nawajuaga. Mikono wanayo, miguu hawana. Siku ng'ombe zikiibiwa hapa, wewe utazifuataje? Utapiga kasia kwenye nyasi?"

Ndugu wa Nyangi wakacheka. Nyangi akaniangalia kwa jicho la kuniambia ninyamaze. Mtu mwenye busara angenyamaza, lakini wahenga walishasema, mdomo uliponza kichwa.

"Mzee," nikasema, "mimi milima napanda sana."

"Mlima gani?"

"Yote."

(Yote! Mpaka siku hiyo kitu kirefu nilichowahi kupanda ni ngazi za posta.)

Mzee Wambura akaweka kibuyu chake chini. "Vizuri. Pasaka shule inafungwa. Uanze na Mukendo huko kwenu, uje Butiama, umalizie na hii Balili yangu. Jumatatu ukishuka, pitia hapa nyumbani. Nitakupa jibu."

Jibu ndilo hilo mnalolijua. Akisema ndiyo, naoa. Akisema hapana, kuna kijana mwingine anamsubiri Nyangi kwa hamu, ana ng'ombe wa kujaza bonde, na hapana yangu ndiyo ndiyo yake. Basi nikaenda kupanda milima. Mimi, mtoto wa mvuvi, ambaye kwetu ardhi ikiinuka kidogo tunaizunguka.

Ijumaa Kuu nilikuwa nyumbani Makoko. Nilimkuta mama peke yake. Baba mdogo Masatu, ambaye ndiye amenilea tangu baba afariki, hakuwepo.

"Ameenda Kiriba," mama akasema, huku anahangaika na mfuniko wa sufuria usiokuwa na tatizo lolote. "Ana shughuli zake."

Sikuuliza zaidi. Baba mdogo siku zote ana shughuli zake. Aliniahidi tangu mwanzo: "Wewe pata ndiyo. Ng'ombe ni kazi yangu." Nami nilijua kwamba siku nikikubaliwa nitamwandikia, naye ataanza kuhangaika taratibu kama waungwana wengine.

Baada ya ibada nikapanda Mukendo. Mukendo si mlima wa kutisha, watu wa Musoma tumezaliwa tukiuona, na labda ndiyo sababu hatuupandi. Nilifika juu nikihema kama mvukuto wa mhunzi. Hapo juu nikamkuta mgambo amekaa juu ya jiwe.

"Ndugu, unafanya nini huku?"

"Natembea."

"Unatembea kwenda wapi?"

"Juu."

"Halafu?"

"Halafu chini."

Akafikiri sana. "Ndugu, siku hizi uzururaji ni kosa. Taifa linajengwa, wewe unaenda juu halafu chini?"

Nilimweleza habari za Nyangi na baba yake. Akalegea kabisa, akanisindikiza mpaka barabarani na kuniombea heri. Nikajiambia, mlima mmoja tayari, kumbe kazi yenyewe ndogo!

Jumamosi nikaenda Butiama na Mwalimu Manyama, mnayemkumbuka kwa uvivu wake, aliyekubali kuja ili awe shahidi. Huko kuna vilima vya mawe juu ya vijiji, mawe makubwa yamekaa juu ya mengine. Hatujafika hata nusu, tukamkuta mama mmoja anapalilia.

"Shikamoo mama."

"Marahaba wanangu. Mmepoteza ng'ombe?"

"Hapana, mama."

"Mbuzi?"

"Hapana."

"Sasa huko juu mnaenda kutafuta nini?"

Nikamwambia tunapanda tu. Akaweka jembe chini. "Mtu hapandagi mlima bure, mwanangu. Sema tu. Usione aibu, ng'ombe inapoteaga kwa kila mtu."

Manyama, kwa kuwa jua lilikuwa kali na maneno yalikuwa mengi, akamwambia, "Ng'ombe, mama. Mwekundu." Akidhani ndiyo tumemaliza.

Hatukumaliza. Yule mama aliita jirani, jirani akaita wanawe, na tulipokuwa tunashuka kutoka kileleni tulikuta kijiji kizima kinatutafutia ng'ombe mwekundu. Na wakampata! Wakatuletea kwa furaha, amefungwa kamba. Mnaweza kuwaza jinsi mwenye ng'ombe, aliyekuwa anafuata nyuma na fimbo, alivyotuangalia. Manyama katika kukimbia akateguka mguu. Ndiyo maana leo hakuwepo, na ndiyo maana leo sikuwa na mtu wa kunishika mdomo.

Jumapili tulisali, tukapata lori, tukaja Bunda. Mvua ilinyesha jioni yote.

Sasa leo.

Asubuhi nikapitia kwa Mzee Wambura ili wanione ninavyoanza safari. Nilikuwa nimepiga pasi bugaluu. (Najua. Najua!) Mzee alikuwa anakamua, akajibu shikamoo yangu bila kugeuka. Nyangi akanisindikiza mpaka kwenye uzio wa miiba.

"Magesa, sikiliza. Panda. Shuka. Kaa kwenye kigoda. Sema ndiyo Mzee. Usiongeze kitu."

"Sitaongeza."

"Nakujua wewe. Unaongezaga."

Niliondoka nikitabasamu kama mtu ambaye hajaambiwa kitu cha maana.

Balili si mlima wa mchezo. Kutoka chini unauona una nyasi laini. Ukifika, nyasi zinakuzidi kimo na chini yake kuna mawe yanayoteleza kama kambare. Mguu wa kushoto wa bugaluu ulinasa kwenye mwiba nikiwa bado naiona nyumba ya Mzee, nikavuta kwa hasira, suruali ikachanika kutoka kwenye kifundo mpaka juu ya goti. Nikasema sawa. Mbele kidogo soli ya raizoni ikabaki kwenye matope, nikaendelea na kiatu kirefu kimoja na kifupi kimoja, nachechemea kama fisi. Nikasema sawa pia. Nilipiga magoti, nilitambaa, nilimtaja kila mtakatifu niliyemkumbuka na wawili nadhani niliwabuni.

Lakini nilifika. Jamani nilifika! Ukungu ulikuwa unafunguka polepole. Upande mmoja naona ziwa letu, upande mwingine mbuga zinakwenda mpaka macho yachoke, na chini pale boma la Mzee Wambura na moshi wa pilau ya sikukuu ukitoka kwenye kila nyumba. Nilisimama pale na suruali yangu ya mguu mmoja na nusu, machozi yakanitoka. Nilijiona mwanaume. Nilisema kwa sauti, "Mzee Wambura, miguu hiyo hapo!" Hakuna aliyenisikia, na laiti ningeishia hapo.

Nikageuka kushuka. Ndipo nikaona ng'ombe.

Walikuwa upande wa nyuma wa mlima, kwenye korongo ambalo hakuna njia. Kundi dogo, wanene, wanasukumwa na wanaume watatu. Mimi si mfugaji, lakini nimekaa Bunda muda wa kutosha kujua mtu anavyoswaga ng'ombe wake: anatembea nyuma kwa raha, anapiga mluzi, anawasema kama watoto. Hawa hawakuwa hivyo. Hawa walikuwa wanakimbia mbele ya ng'ombe, wanarudi nyuma, wanavuta, wanainama vichakani, wanageuka kuangalia kama kuna mtu. Wawili kati ya ng'ombe walikuwa wamefungwa pamoja shingoni. Mwanaume mmoja alikuwa amejifunika koti refu la mvua mpaka kichwani. Na mikononi mwao niliona mikuki, mirefu, yenye bapa pana linalong'aa kwa maji.

Wezi wa ng'ombe. Mchana kweupe, siku ya sikukuu, watu wote wako kwenye pilau. Wajanja hawa!

Niwaambie jambo moja kwa wale mlioko mijini. Huku ng'ombe wakiibiwa, anayeona anapiga yowe. Anayesikia yowe anapiga na lake, anachukua silaha, anakimbia kuelekea lilikotoka, na hivyo hivyo kijiji hadi kijiji. Hakuna kuuliza, hakuna kumaliza kula. Mwanaume akibaki nyumbani siku ya yowe, kesho yake ni yeye anayeulizwa maswali. Mimi nililijua hilo vizuri. Ila kwa miaka yote niliyokaa hapa sijawahi kupiga mwenyewe. Mgeni hupigi, unasikia tu.

Nikasita. Kweli nilisita. Nikamkumbuka Nyangi na lile neno lake la kuongeza. Lakini nikamkumbuka na Mzee: siku ng'ombe zikiibiwa, wewe utazifuataje? Siku yenyewe si hii hapa? Nikavuta pumzi mpaka vifungo vya shati vikalia, nikaweka mikono mdomoni.

"Uuuuuwiii! Uuuuuwiii! Ng'ombeeee!"

Mimi nimefundisha mchakamchaka na kusimamia paredi. Sauti ninayo. Mlima nao ukanisaidia, ukalichukua yowe ukalirusha upande wa pili, likarudi kubwa kuliko lilivyokwenda. Kimya kidogo. Halafu chini, kutoka boma la Mzee Wambura, yowe likajibu. Halafu lingine upande wa barabara. Halafu lingine mbali sana, la mwanamke. Jamani, nywele zilinisimama. Moshi wa pilau ukaachwa peke yake. Watu walikuwa wanatoka kila nyumba kama siafu walionyunyiziwa maji.

Nilishuka ule mlima kwa matako. Sioni haya kusema. Sehemu kubwa niliteleza, sehemu ndogo nilianguka, na wakati wote nilikuwa napiga yowe ili wanaokuja wasipotee njia. Nilipofika chini, watu walikuwa wamejaa. Wenye pinde, wenye mikuki, wenye mapanga. Mzee mmoja alikuwa amenyolewa ndevu upande mmoja. Katekista alikuja na kanzu yake nyeupe na shoka. Kwaya ya kina mama ilikuja nzima, na sare zao, na michi. Mwenyekiti wa kijiji bado alikuwa na paja la kuku mkononi, akawa analitumia kuonyesha njia.

"Nani ameona?" akauliza.

"Mimi!"

"Wapi?"

"Korongoni! Watatu! Wana mikuki!"

Mzee Wambura akatokea mbio, upinde begani, miaka yake yote ameiacha nyumbani. Akaniangalia: kiatu kimoja, suruali imechanika, damu kwenye viwiko. Akanishika bega mbele ya watu wote.

"Huyu," akasema, "huyu ni mkwe wangu!"

Mkwe! Mmelisikia neno? Ndugu wa Nyangi walewale waliocheka wakanipiga mgongoni mpaka nikakohoa. Nilimwona Nyangi nyuma ya kwaya, ameshika mchi, macho yanang'aa. Kama ningekufa saa ile ningekufa vizuri. Kwa nini sikufa?

Tukaenda. Mimi mbele, kama jemadari. Hatukuwatafuta sana, maana wale wezi hawakuwa wamefika mbali. Vijana walizunguka kwa juu, wazee wakaziba chini, mara tukasikia kelele: "Tumewapata! Tumewapata!" Watu wakapasuka katikati kunipisha mimi nipite niwatambue wezi wangu.

Wawili walikuwa wamelala kifudifudi kwenye matope. Wa tatu, yule wa koti la mvua, amepanda juu ya kichuguu, ameinua mikono, analia kwa sauti:

"Sisi ni wakwe! Ndugu zangu, sisi ni wakwe!"

"Mwizi gani anaitaga watu wakwe!" mtu akamjibu, na watu wakanguruma.

Kwanza niliiona mikuki. Ilikuwa imetupwa kwenye nyasi karibu na mguu wangu. Haikuwa mikuki, jamani. Yalikuwa makasia. Kasia moja lilikuwa na rangi ya bluu kwenye mpini. Hiyo rangi niliipaka mimi mwenyewe, nikiwa darasa la tano.

Halafu nikaona ng'ombe wawili waliofungwa pamoja, wamefungwa kwa kamba ya nyavu, fundo la wavuvi.

Halafu yule wa kichuguu akaniona.

"Magesa!" akapiga kelele baba mdogo Masatu. "Magesa mwanangu! Waambie!"

Wananchi wote wakanigeukia.

Nitawaambia ukweli kwa sababu ninyi ni rafiki zangu. Kwa muda wa kumeza mate mara moja, nilifikiria kusema simjui. Ijumaa Kuu nilikuwa nimesikia mahubiri marefu juu ya kumkana mtu wako wa karibu, nikasikitika sana, nikatikisa kichwa kanisani nikisema watu wengine jamani. Kumbe.

"Mwalimu," Mzee Wambura akaniuliza taratibu, "unamjuaga huyu?"

"Ndiyo, Mzee."

"Nani?"

"Baba yangu mdogo."

"Na hizi ng'ombe?"

Nikafumba macho. "Nadhani, Mzee, ni mahari."

Mama mmoja wa kwaya akaanza kucheka. Alianza puani, akajizuia, akashindwa, akakaa chini na mchi wake. Baada ya hapo sikusikia tena neno la mtu yeyote. Watu walicheka wakishikana. Katekista alicheka ameegemea shoka. Mwenyekiti lile paja la kuku likamdondoka. Hata wale wawili waliokuwa kifudifudi, ambao sasa niliwatambua kuwa ni ndugu zangu wa Makoko, mabega yao niliyaona yanatikisika.

Baba mdogo tukamshusha kwenye kichuguu. Akaeleza, anatetemeka bado, na mimi ndiye niliyekuwa natamani kichuguu kinimeze. Kumbe Kiriba alikwenda kubadilisha. Alitoa mtumbwi wake mmoja kati ya miwili, akaongeza mizigo ya samaki, ningu na mbofu aliowakausha msimu mzima, akapata ng'ombe kwa wafugaji wa huko. Alitaka kunishangaza. Alijua leo ndiyo siku ya jibu, akataka jibu limkute Mzee anaona ng'ombe mlangoni.

"Sasa kwa nini korongoni?" Mzee Wambura akamuuliza. "Barabara si ile pale?"

"Mkwe, hizi ng'ombe hazisikii! Barabarani ziliingia kwenye pamba ya watu, zikala. Tukakimbia nazo. Ikawa kila shamba tukipita zinakula, na sisi tunakimbia. Mtumbwi ukiupigia kasia unageuka. Hizi ukizivuta kushoto zinakaa chini!"

"Na makasia?"

Baba mdogo akayaangalia kama anashangaa yalifikaje. "Sasa tungeshika nini?"

Wenyewe mnaona. Wavuvi watatu, wametembea kutoka Kiriba kwa ajili yangu, wananyeshewa, wanaogopa kila mwenye pamba, na wanapofika mwisho wa safari mtoto waliyemlea anasimama juu ya mlima anawapigia yowe la wezi. Hapo ndipo kwangu mimi jambo lilipoacha kabisa kuchekesha. Nilipiga magoti kwenye matope nikamshika baba mdogo miguu. Akanigonga kichwani kwa ngumi, si kwa nguvu, na akasema kwa kilugha chetu maneno ambayo siwezi kuyaandika.

Nilidhani tumemaliza. Lakini yule mzee mwenye ndevu upande mmoja akakohoa.

"Yowe limepigwa," akasema. "Watu wameacha chakula chao. Wezi hakuna."

Wazee wengine wakaitikia mmmh, kwa pamoja. Kwa wasiojua: yowe la bure lina adhabu yake. Uliyewatoa watu kwenye sufuria zao, unawalisha. Na hawalishwi chai.

"Wazee wangu," nikaanza, "mimi ni mwalimu, mshahara wa mwisho wa mwezi..."

"Ng'ombe si zipo?" mtu akasema.

Nikamwangalia Mzee Wambura aniokoe. Akakuna shingo. "Mwalimu, sheria haina mkwe."

Wakachagua. Walimchagua yule mwenye baka jeupe, mnene kuliko wote. Baba mdogo akatoa mlio mdogo, maana huyo ndiye aliyemtafutia mama yake Nyangi, ng'ombe wa heshima wa mama mkwe. Akachinjwa palepale kwenye uwanja wa Mzee, na kijiji kikala. Mimi pia nikapewa nyama. Ilikuwa tamu sana, na kila tonge lilinikaba. Nani kati yenu amewahi kula mahari yake mwenyewe kabla hajapewa mke?

Watu walipoanza kutawanyika, Mzee Wambura akaniita kwenye kigoda. Baba mdogo akakaa pembeni, bado na koti lake. Nyangi alikuwa anakusanya sahani karibu zaidi ya ilivyohitajika. Nikajua ndiyo hiyo saa. Yule kijana mwenye ng'ombe wa kujaza bonde naye alikuwepo, alikuja na yowe kama wengine, na alikuwa anachokonoa meno kwa raha zake.

"Nikuulize kitu kimoja," Mzee akasema. "Ulipoziona kule juu, ulijua ni ng'ombe zangu?"

Nyangi akasimamisha mikono. Nilijua jibu zuri ni ndiyo. Lakini leo nilikuwa nimechoka kusema mambo mazuri.

"Hapana, Mzee. Sikujua za nani. Nilijua tu za watu."

Akang'oa unyasi, akautafuna.

"Mgeni akiona ng'ombe za watu zinaenda, ananyamazaga," akasema. "Anasema si zangu, anapita. Nimewaona wengi. Yowe linapigwaga na mwenye kwao." Akamgeukia baba mdogo. "Mkwe, mtoto wenu ni mjinga."

"Sana," baba mdogo akakubali, haraka mno kwa maoni yangu.

"Lakini ni wa hapa. Binti nimempa. Ile ng'ombe ya mama yake ataileta, na mpaka ailete, harusi inangoja."

Nikafungua mdomo. Nyangi, bila kunyanyua kichwa kutoka kwenye sahani, akasema, "Magesa."

"Ndiyo, Mzee," nikasema, na sikuongeza kitu.

Kwa hiyo nimekubaliwa, na harusi yangu imeliwa nyama na mchuzi. Baba mdogo amelala hapa chumbani kwangu, kitandani kwangu, mimi niko kwenye mkeka, na tangu jioni neno pekee aliloniambia ni "sogeza karai." Mwenyekiti naye alipokuwa anaaga alinishika mkono kwa upendo mkubwa, mdomo unang'aa mafuta, akaniuliza kama Sabasaba nitapanda tena.

Nawaomba, kwa urafiki wetu wote, msicheke. Na mkishindwa kujizuia, chekeni kimya kimya, maana hawa watu wakisikia kelele watakuja wote, na mimi ng'ombe wa kuwalisha sina tena.